Mishtuko ya Tangi la Tatu

Kila asubuhi, kabla ya kugusa chochote, Mama Brashi alinawa mikono mara tatu kwa maji matupu, akaikung'uta hewani mpaka ikakauka, ndipo akaingia kwa koa wake. Sabuni ingewaua. Taulo lingewaachia nyuzi kwenye matamvua, na koa wa bahari akizibwa matamvua hana pua ya akiba. Akawasha taa za matangi ya kioo moja baada ya nyingine, akiwasemesha kwa sauti ya chini, "Mmeamkaje, wanangu?" Hawakujibu. Alikuwa amelea watoto wanne mpaka wakaoa na kuolewa, kwa hiyo kutojibiwa asubuhi hakukumsumbua.

Maabara ilikuwa chini kabisa ya jengo la chuo, chumba kirefu chenye vidirisha vyembamba juu ya ukuta. Aliyekuwa ndani aliona viatu vya wapita njia tu, na Mama Brashi aliwajua watu wengi wa mtaa ule kwa soli zao. Maji ya bahari yaliletwa kwa lori, kwa kuwa bahari ilikuwa mbali, na kwenye kona ilinguruma mashine ya kuyapoza. Mashine ikizimika kutwa nzima, koa wote wangekufa kwa joto.

Koa ni konokono asiye na nyumba. Huyu wa bahari ni mkubwa, anajaza viganja viwili, mwili wake laini kama shavu la mtoto, na kichwani ana pembe mbili ndogo zinazofanana na masikio. Mama Brashi alipenda vitendawili kuliko chai, na siku ya kwanza ya kazi ile alirudi nyumbani na kipya alichokitunga mwenyewe: "Ana pembe hachungwi, ana wino hajasoma, nyumba hana na wala hapangi." Bintiye wa mwisho alihangaika nacho mpaka wali ukaungua. Habari ya wino ni kweli. Koa akitishwa hutoa wingu la zambarau, na tangi zima hugeuka kama juisi ya zabibu.

Profesa, mwanamke mpole mwenye miwani miwili, mmoja wa kusomea na mmoja wa kutafutia ule wa kusomea, aliwapenda wanyama hawa kwa sababu ya neva zao. Chembe za neva za koa ni chache, kubwa, zenye rangi ya chungwa, nyingine unaziona kwa macho bila hadubini. "Ubongo wa mtu ni soko kuu siku ya mnada," alikuwa akiwaambia wageni. "Wa koa ni genge la muuza vitunguu. Ukitaka kujua biashara inavyokwenda, anza na genge."

Kazi ya Mama Brashi ilikuwa kugusa. Alimweka koa kwenye trei yenye maji, akamgusa kwa brashi laini ya kuchorea picha, pale kwenye mrija mdogo mgongoni. Koa akaingiza matamvua ndani, shwa! Mama Brashi akasubiri yatoke, akagusa tena. Mara za kwanza yaliingia upesi. Baadaye yaliingia kwa uvivu. Mwishowe hayakuingia kabisa, brashi ikapita juu yake kama inapita juu ya kitambaa.

"Amezoea," Mama Brashi alisema.

Hapo ilikuwa zamu ya Volti. Volti alikuwa fundi wa maabara, mzee aliyekaribia kustaafu, mwembamba, na mtani sana. Yeye alimpiga koa shoti moja ndogo ya umeme mkiani. Baada ya hapo ukimgusa koa yule kwa brashi ileile, palepale, alijikunja mwili mzima na kumwaga wino.

"Amekumbuka," Volti alisema.

Kuzoea na kukumbuka, ndiyo mambo mawili ambayo Profesa alikuwa akiyatafuta tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Alikuwa hata amechukua maji ya neva za koa aliyepigwa shoti, akamdunga koa mwingine ambaye hajawahi kuguswa na mtu, na huyo wa pili akajikunja kana kwamba naye alikuwapo.

Mama Brashi alikataa kushika waya wa shoti tangu mwanzo. "Mimi na brashi yangu," alimwambia Volti. "Hayo mengine ni yako na Mungu wako."

Sasa, yule binti wa mwisho. Nyumbani walimwita Bisi, kwa sababu tangu utotoni alikuwa mtu wa kuruka kama mahindi kwenye sufuria ya moto. Mlango ukibamizwa, Bisi yuko juu. Puto likipasuka kwa jirani, Bisi yuko chini ya meza. Kaka zake walicheka mpaka wakashika mbavu, na yeye mwenyewe alicheka baada ya moyo kutulia. Alipoolewa na fundi wa mafriji, mama yake alimnong'oneza mkwe, "Usimwamshe ghafla." Mkwe akaitikia kwa adabu. Alikuwa kijana wa adabu sana, sauti ya chini, shati limepigwa pasi, na mtaa mzima ulimwita Fundi Baridi kwa kazi yake na kwa tabia yake. Kwenye msiba alikuwa wa kwanza kubeba viti. Hata mashine ya kupoza maji pale maabara ni yeye aliyekuwa akiitengeneza, na hakukuwa na mwingine mjini aliyeielewa.

Jumapili moja Bisi alikuja kumsalimia mama yake. Alikuwa amechuchumaa jikoni anakata vitunguu, mama yake yuko nyuma anaosha vyombo, na mfuniko wa sufuria kubwa ukamponyoka Mama Brashi ukaanguka kwenye saruji. Ulipiga kelele mpaka paka wa jirani akatoka mbio. Moyo wa Mama Brashi mwenyewe uliruka. Bisi aliendelea kukata vitunguu.

"Mwanangu, hukusikia?"

"Nimesikia. Ni mfuniko."

Mama Brashi alisimama na mikono yenye povu akimtazama mgongoni. Alikuwa ameliona jambo hilo mara nyingi mno, kwenye trei. Hakuhitaji kuuliza jina lake.

Baadaye alimkalisha chini akamsuka, na nyuma ya sikio akakuta kovu bichi. "Hili?"

"Kabati."

"Kabati lina mikono siku hizi?"

"Mama, suka tu."

Alisuka. Kesho yake asubuhi alifika kazini akiwa na mawazo mengi, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe akasahau kunawa. Aliingiza mikono ndani ya tangi la tatu mpaka kwenye viwiko kutafuta mabaki ya mwani, ndipo akakumbuka kwamba vidole bado vina mafuta ya nywele za Bisi, na unywele mmoja ulikuwa umejiviringisha kwenye pete yake. Unywele ukaelea, koa mmoja akaufikia, akaula taratibu kama anavyokula mwani. Mama Brashi alingoja wafe. Hawakufa. Akashukuru, akanyamaza.

Jumatano, wakati viatu vya watu vilipokuwa vikielekea makwao, koa wote wa tangi la tatu waliingiza matamvua kwa pamoja. Hakuna aliyewagusa. Walijikunja, wakabaki hivyo kidogo, wakajikunja tena, na maji yakawa zambarau tupu. Tangi la pili na la nne, wenzao waliendelea kutafuna mwani.

Volti alileta kipima umeme chake, akakiingiza kila pembe. "Umeme hakuna," alisema. "Wameshtuka tu." Akabadilisha maji.

Ijumaa ikawa hivyohivyo, na wiki iliyofuata tena. Mama Brashi alipiga simu. Bisi aliuliza hali ya goti la mama yake, hali ya paa, hali ya jirani.

"Bisi, Jumatano jioni ulikuwa wapi?"

"Nyumbani."

"Alikupiga?"

"Mama, nani kakwambia?"

"Na Ijumaa?"

"Ijumaa kidogo," alisema Bisi, kama mtu anayeulizwa juu ya mvua.

Hapo Mama Brashi akaelewa. Mishtuko ya mwanawe haikuwa imekufa. Ilikuwa imekosa pa kukaa, ikahama.

Na tusimfikirie kwamba aliogopa. Alifurahi. Maana mwaka uliopita Bisi aliwahi kurudi nyumbani na begi lake, na kaka mkubwa wa Mama Brashi, mjomba wa watoto, ndiye aliyekaa kitini akaamua. Alikuwa ameuliza swali moja: majirani wamesikia kilio? Hawakuwa wamesikia. Bisi alikuwa hapigi kelele. "Mtoto hajalia," mjomba alisema, "sasa sisi tunamrudisha nyumbani kwa ushahidi gani?" Wakamsindikiza kwa mumewe jioni ileile, na mume akawapa soda zilizopoa vizuri. Sasa kilio kilikuwa kimepatikana. Kilikuwa kwenye tangi la kioo, mbele ya profesa, chenye rangi.

Alimwendea Profesa na kumweleza yote, kuanzia mafuta ya nywele. Profesa alivua miwani mmoja akavaa mwingine.

"Inawezekana," alisema. "Tumeshaona kumbukumbu ikihama kwa sindano. Ikihama bila sindano, ni sindano tu tuliyookoa. Mama, kosa la kutonawa nimekusamehe. Lakini vipimo vyangu vya tangi la tatu vimeharibika tangu mwezi uanze."

"Ninachoomba, Profesa, ni useme hivyo mbele ya ndugu zangu."

"Nitasema. Kwanza nihakikishe."

Alihakikisha kwa njia iliyo nyoofu kuliko zote. Mashine ya kupoza maji ilikuwa inakoroma vibaya, Fundi Baridi akaitwa, na alipokuwa amelala chali chini yake na bisibisi mdomoni, Profesa akamuuliza kama Jumanne iliyopita jioni alimpiga mkewe.

Fundi Baridi alitoa bisibisi mdomoni ili ajibu vizuri. "Jumanne, ndiyo. Nilikuwa nimechoka."

"Na Alhamisi? Kama saa moja usiku?"

"Alhamisi ilikuwa mapema zaidi. Saa kumi na mbili hivi."

Profesa alimtazama Volti, Volti akaitikia kwa kichwa. Saa kumi na mbili ndiyo. Koa walikuwa sahihi, ni saa ya ukutani iliyokuwa imeendelea mbele.

Mama Brashi alikuwa amesimama hapo, brashi mkononi, akingoja mtu aseme neno. Aliyesema ni Profesa.

"Ungeweza kutuarifu mapema? Tungepanga vipimo siku nyingine."

"Ningependa kusaidia," alisema Fundi Baridi, na alimaanisha. "Lakini jambo lenyewe halina ratiba, Profesa. Linakuja tu."

"Hata siku moja maalumu? Ijumaa, kwa mfano. Ijumaa hatupimi."

Alifikiri huku akijipangusa mafuta ya mashine. "Ijumaa naweza kujaribu. Shikamoo, mama," akamwambia mama mkwe wake, kwa sababu alipoingia alikuwa hajamwona. Kisha akarudi chini ya mashine, na kabla ya saa sita ilikuwa inanguruma kama mpya.

Ndivyo Ijumaa ilivyochaguliwa. Mama Brashi aliomba mjomba aje siku hiyo.

Mjomba alikuja amevaa koti lake la vikao. Volti alimwekea stuli mbele ya tangi la tatu, akakaa na kofia magotini, mzito na mwenye heshima zake, akiwatazama koa wakitembea juu ya kioo kwa matumbo. "Hawa ndio wanaokulisha?" alimuuliza dadake. "Mbona wanafanana na ulimi wa ng'ombe?"

"Subiri, kaka."

Walisubiri. Viatu vilipita dirishani, vikapungua. Volti alikuwa anaeleza jinsi chembe ya neva inavyopeleka habari wakati koa walipojikunja. Safari hii ilikuwa ndefu. Walijikunja wakajikunja, walioshika kioo waliachia wakazama, na wino ukatoka mpaka mjomba hakuwaona tena, akaona uso wake tu kwenye kioo cha zambarau.

Hakusema "Haiwezekani." Hakusema "Uchawi." Mama Brashi akaona machozi yakimtoka kaka yake, mtu ambaye hata kwenye mazishi ya baba yao hakulia.

"Maskini," alisema mjomba. "Viumbe wa Mungu hawa. Hawana hata mdomo wa kulalamika."

"Umeona, kaka."

"Nimeona. Nimeamini kabisa." Akajifuta kwa kofia. "Profesa, kwa nini msiwahamishe? Wanateseka bure, kosa si lao."

"Kaka, ni Bisi anayepigwa!"

"Nimeelewa, dada yangu, usinipigie kelele mbele za watu. Bisi yuko kwake. Analalamika? Halalamiki. Mwenye kulalamika ni hawa." Aliinuka, magoti yakalia. "Wafunikeni na kitu, basi. Mtu akiwaona hivi hawezi kula."

Profesa, kama alivyoahidi, alisema mbele ya ndugu kwamba jambo hilo ni kweli na limethibitishwa. Mjomba alimshukuru kwa elimu. Kabla ya kuondoka aliuliza kama ni mkwe wao anayetengeneza ile mashine ya kupoza maji, na alipoambiwa ndiye, akasema familia inajivunia. Volti akaenda kutafuta shuka kuukuu, akalifunika tangi la tatu.

Usiku ule Mama Brashi hakuutafuta usingizi. Asubuhi alimpigia Bisi, akamwambia apite kazini amletee dawa ya goti. Bisi alikuja na dawa, na mikono mirefu ya gauni, siku yenye joto la kuyeyusha mishumaa. Mama yake alimfunulia shuka.

Koa waliokuwa kila mmoja na hamsini zake waligeuka. Walikuja upande wa kioo aliosimama Bisi, wakapanda, wakabandika matumbo yao pale, wote, kama watoto dirishani wanapoona mzazi anarudi.

"Kumbe iko huku," alisema Bisi. Aliweka kiganja chake kwenye kioo. "Nilidhani nimeipoteza njiani."

"Ni yako. Ichukue."

"Ya nini, mama?"

"Ya nini? Ili ushtuke! Ili mkono ukiinuka ukimbie, upige yowe, mtaa uamke!"

Bisi alicheka kidogo, kile kicheko chake cha zamani, ila kilikuja peke yake bila kuruka kwanza. "Nikimbilie wapi? Mwaka jana nilikimbia, mkanirudisha na soda nikanywa. Mama, ile nyumba ina vyumba viwili. Nikiichukua hii yote, nitakaa nayo wapi?"

Mama Brashi aliishika pembe ya shuka akaikunja bure. Bisi, kwa kumwonea huruma, akafanya kama walivyofanya zamani akiwa mdogo. "Kitendawili, mama."

"Tega," alisema mama yake kwa shida.

"Nimemwachia mwenzangu mzigo, yeye anatoka jasho, mimi ndiye niliyechoka."

Mama Brashi alilijua jibu, lilikuwa mbele yake limebandika matumbo kwenye kioo. Hakulitaja. Bisi alimwekea dawa ya goti mfukoni mwa aproni, akamwambia anywe na chakula, akaondoka, na mama yake akaangalia viatu vyake vikipita dirishani, polepole, bila kukwepa hata pikipiki.

Kwa wiki nzima Mama Brashi aligusa koa na kuwaza. Ndugu wameamini, imekuwa kazi bure. Profesa ameamini, naye amepanga Ijumaa. Yeye mwenyewe anajua nini? Hakuwa na cheo wala koti la vikao. Alichokijua duniani ni kitu kimoja, na alikijua kwa sababu alikuwa amekiona kila siku ya kazi: mnyama aliyezoea anaweza kurudishiwa mshtuko wake. Kuguswa palepale alipozoea hakusaidii. Ni lazima jambo limfike kutoka mahali pengine, asipotegemea, kutoka kwa mkono mwingine. Mara moja tu inatosha. Amekumbuka.

Jumapili alikwenda kwa Bisi. Fundi Baridi alikuwa ametoka kutafuta gesi ya mafriji upande wa pili wa mji. Nyumba ilikuwa safi, friji limejaa, maua ya plastiki yamefutwa vumbi. Kwenye kamba nguo zilikuwa zimekauka, wakaziingiza ndani, wakaanza kukunja mashuka. Shuka hukunjwa na watu wawili: kila mmoja anashika pembe zake, wanalivuta, wanalipiga hewani, kisha wanakutana katikati kukabidhiana. Walilipiga, wakakutana. Walirudi nyuma, wakalipiga, wakakutana. Bisi alikuwa anasimulia habari za jirani aliyenunua mbuzi akakuta ni kondoo.

Walipokutana mara ya tatu, Mama Brashi aliachia pembe zake. Alishika nyama ya ndani ya mkono wa mwanawe, juu ya kiwiko, pale ambapo alikuwa akimbusu akiwa mchanga, akaifinya kwa kucha mbili akaizungusha. Hakuwa amewahi kumfinya mtoto wake hata mmoja. Alifinya kwa nguvu zake zote, mpaka vidole vyake vyenyewe vikauma, akimtazama Bisi usoni, akisubiri.

Bisi alitazama mkono wake. Aliutazama kama mfuko uliowekwa na mtu mwingine mezani. Ngozi ilikuwa imechanika, damu kidogo ikatoka.

"Mama," alisema kwa upole, "umeangusha shuka."

Akainama akaliokota, akalikung'uta, akamrudishia mama yake pembe zake. Wakalikunja. Jirani, alisema Bisi, amemrudisha kondoo, lakini mwenye mbuzi amehama.

Jumatatu asubuhi Mama Brashi alikuta shuka la tangi la tatu limeshafunuliwa na maji ya zambarau mpaka juu. Fundi Baridi alikuwa amekuja mapema na gesi yake, anajaza mashine. Volti alikuwa na ndoo.

"Mkwe wako siku hizi amevunja mkataba," alimwambia Mama Brashi kwa utani. "Tulisema Ijumaa, yeye anatuletea Jumapili mchana. Mlinzi ndiye aliyewaona."

Profesa naye akatokea na miwani yake yote miwili kichwani. "Fundi, tulikubaliana."

Fundi Baridi alifunga koki, akasimama. "Jumapili mchana mimi nilikuwa upande wa pili wa mji, Profesa. Nimerudi giza limeingia. Na nilirudi nimefurahi, gesi ilipatikana." Hakuna aliyemshuku. Alikuwa hajawahi kuwadanganya kuhusu siku wala saa.

Mashine ilinguruma. Volti akatazama ndoo. Profesa akashusha miwani mmoja.

"Ni mimi," alisema Mama Brashi.

"Kwa mkono au kwa kitu?" aliuliza Volti, kwa kuwa ilikuwa kazi yake kuuliza.

"Kwa kucha."

"Mara ngapi?"

"Moja."

"Moja tu, na wametoa wino wote huu," alisema Profesa, na kwa mara ya kwanza katika habari hii yote alionekana kushangaa kidogo. Kisha akasema, "Tunashukuru, mama. Wakati mwingine tuambie mapema," akaenda kutafuta koti lake la maabara.

Mama Brashi alinawa mikono mara tatu. Akaikung'uta, ikakataa kukauka, akaikung'uta tena. Fundi Baridi alikuwa anakusanya spana zake karibu na sinki. Alimwona jinsi alivyosimama, akaacha spana, akamsogelea kwa ile adabu yake, akamshika bega kama mtoto anavyomshika mzazi aliyefiwa.

"Pole, mama," alimwambia kwa sauti ya chini, ili wengine wasisikie. "Ya kwanza ndiyo nzito. Mimi mwenyewe sikulala. Utazoea."

Akabeba sanduku lake la vifaa, akaaga kila mtu, akaondoka. Mama Brashi alimtoa koa wa kwanza kwenye tangi, akamlaza kwenye trei, akachovya brashi.